Kusoma umbo la protini kwa kompyuta yako: mwongozo kamili, kuanzia protini ya kuzuia barafu hadi mlango wa potasiamu

Kupata umbo la protini ni kazi ya gharama kubwa. Inataka sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kutoa eksirei kali, ambao Afrika haina hata mmoja hadi leo, au maikroskopu ya elektroni inayopiga picha kwenye baridi kali, tena na miezi ya kazi kabla ya kupata data ya maana. Kulisoma umbo ambalo wenzako wameshalipata ni bure. Benki ya Data ya Protini, PDB, ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7. Sasa yamepita 200,000, na lolote kati ya hayo unaweza kulifungua ukiwa hosteli bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa bayolojia au kemia, fundi wa maabara, au mwalimu aliyechoka kuonyesha darasa riboni za rangi (mchoro wa kawaida wa protini kama utepe uliojikunja) zisizojibu swali lolote. Tutafungua protini ya mdudu inayozuia barafu, kisha protini ya kwenye utando wa seli inayopitisha potasiamu, na katika zote mbili tutapima umbali kati ya atomi. Sikuzichagua kwa bahati nasibu. Kazi zake hazifanani hata kidogo, ila siri yake ni moja: kila moja imepanga atomi za oksijeni kwa kufuata nafasi ambazo maji hujipangia yenyewe. Jambo hilo halionekani kwenye riboni, linaonekana kwenye vipimo.

Maandalizi

Tafuta kompyuta yenye kivinjari cha kisasa na kipanya. Simu pia inafungua maumbo, lakini kuchagua atomi moja kwa kidole ni adhabu. Kitazamio tutakachotumia ni Mol*, ambacho kimo ndani ya RCSB PDB, tovuti ya benki hiyo, na hakihitaji kusakinishwa. Kama intaneti yako ni ya kubahatisha, sakinisha ChimeraX ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambayo ni bure kwa masomo na utafiti. Ukishapakua faili, unafanya kazi hata mtandao ukikatika. Mafaili ya protini hizi ni madogo, hayatamaliza bando.

Uwe na daftari pia. Kipimo kisichoandikwa kimetoka atomi ipi hadi ipi hakina faida kesho yake.

Hatua ya 1: Soma ukurasa kabla ya kugusa picha

Kila umbo lina namba yake ya alama nne, herufi zikichanganywa na tarakimu. Andika 1EZG kwenye kisanduku cha kutafutia. Utafika kwenye ukurasa wa protini ya mbawakawa wa unga, Tenebrio molitor, umbo lililochapishwa mwaka 2000. Kidole kitakuwasha ubofye picha. Subiri kidogo.

Tazama mbinu kwanza: ni eksirei kwenye fuwele, ni maikroskopu ya elektroni, au ni NMR, mbinu inayotumia sumaku? Kisha tazama rezolusheni, yaani udogo wa vitu vinavyoweza kutofautishwa, unaopimwa kwa angstromu, Å. Angstromu 10 ni nanomita 1. Hapa wanafunzi wengi hugeuza mambo: namba ikiwa ndogo, umbo ni bora. Umbo la 1EZG lina 1.4 Å, kiwango ambacho karibu kila atomi isiyo ya haidrojeni ina mahali pake panapoonekana, na molekuli za maji zinahesabika. Kwenye 2.0 Å bado uko salama, matawi ya asidi amino yanaonekana vizuri na maji mengi yapo. Ukifika 3.2 Å, uti wa mgongo wa protini, yaani mnyororo wake mkuu, unaaminika na matawi makubwa pia, lakini maji ya mojamoja kwa kawaida huyaoni. Ukipita 4 Å, heliksi (sehemu zilizojisokota kama springi) zinakuwa mirija tu, na mtu anayekuambia kifungo cha haidrojeni kina urefu wa 2.9 Å kwenye umbo la namna hiyo anakusomea kilichowekwa na kompyuta, hakukipima.

Chini kidogo kuna R-free, kipimo cha jinsi modeli inavyokubaliana na data iliyofichwa wakati wa kuijenga. Kwenye 2 Å, thamani ya kama 0.25 au chini yake haitishi. Kuna pia upau wa rangi wa ripoti ya ukaguzi: bluu ni heri, nyekundu ni onyo. Mwisho, hesabu minyororo. 1EZG ina miwili, A na B, ambayo ni nakala mbili za protini ileile ndani ya fuwele. Sisi tutatumia A.

Hatua ya 2: Pima uso wa protini inayoshika barafu

Historia kidogo, kwa sababu bila hiyo vipimo havina maana. Maji ya bahari huganda kwenye takriban −1.9 °C. Damu ya samaki wa kawaida ingeganda kabla ya hapo, kwenye kama −0.7 °C. Katika miaka ya 1960, Arthur DeVries alichunguza samaki wa McMurdo Sound, Antaktika, akakuta damu yao ina protini zenye sukari ambazo zinashusha kiwango cha kuganda kupita uwezo wa chumvi ya kiasi hicho. Mwaka 1977 yeye na James Raymond walieleza namna inavyotokea. Protini zinang'ang'ania uso wa kipande kidogo cha barafu, barafu inalazimika kukua kwa kubenuka katikati ya protini moja na nyingine, na kadiri inavyobenuka ndivyo inavyokuwa vigumu kwa maji mengine kujiunga nayo. Kuyeyuka hakubadiliki kiasi hicho, kwa hiyo panakuwa na pengo kati ya joto la kuyeyuka na joto la kuganda. Pengo hilo ndilo wanalopima maabara. Protini ya mbawakawa wa unga inaweza kufikisha pengo la zaidi ya nyuzi 5, mbali kabisa na samaki wengi.

Swali la rula ni hili: uso wake una nini hasa kinachofanana na barafu?

Fungua kichupo cha umbo la 3D. Utaona kitu kifupi, bapa, kilichojizungusha mara kwa mara kama ukili uliozungushiwa kijiti. Kila mzunguko una asidi amino 12, na mizunguko imefungwa kwa ndani na madaraja ya salfa, 8 kwa jumla ndani ya protini yenye asidi amino 84 tu. (Madaraja hayo ndiyo yanayowasumbua wanaojaribu kuitengeneza ndani ya bakteria. Protini inatoka nyingi ila imejikunja ovyo.)

Sasa tazama mlolongo wa herufi juu ya picha. Tafuta mahali palipoandikwa TCT, yaani threonini, sisteini, threonini. Utaikuta kwenye 26 hadi 28, 38 hadi 40, 50 hadi 52, na 62 hadi 64. Namba zinapanda kwa 12, mzunguko mmoja kila mara. Namba zikipishana kwenye kitazamio chako, fuata herufi.

Washa hali ya kuchagua kwa alama ya mshale iliyo pembeni ya picha. Upau utatokea juu. Na hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika: kitazamio kinaanza kikiwa kimewekwa kuchagua asidi amino nzima. Ukipima hivyo, utapewa umbali kutoka kitovu cha asidi moja hadi kitovu cha nyingine, namba nzuri isiyo na maana. Badilisha kiwango cha kuchagua kiwe atomi. Kisha chagua threonini za 38, 40, 50 na 52 kwenye mlolongo na uzionyeshe kwa vijiti na mipira, ili matawi yatokeze kwenye riboni.

Kila threonini ina atomi ya oksijeni kwenye tawi lake, inayoitwa OG1. Bofya OG1 ya 38, kisha OG1 ya 40, halafu nenda sehemu ya vipimo uongeze umbali. Unapaswa kupata kama 7.4 Å. Rudia kati ya 38 na 50, mzunguko mmoja hadi unaofuata: utapata kati ya 4.5 na 4.7 Å. Pima jozi nyingine mbili tatu, kwa sababu jozi moja si ushahidi. Anayetumia ChimeraX aandike tu

open 1ezg
distance /A:38@OG1 /A:50@OG1

na namba itatokea.

Barafu ya kawaida, kwenye uso wake wa pembeni wa pembesita, ina oksijeni zilizopangwa kwa 4.52 Å upande mmoja na 7.35 Å upande wa pili. Linganisha na daftari lako. Safu mbili za threonini zinazopanda uso wa protini zimesimama karibu sawasawa na oksijeni za barafu.

Usifunge bado. Washa maji kama yamefichwa, uangalie bonde kati ya safu hizo mbili. Kuna molekuli za maji, vitone vyekundu, zilizopanga mstari humo ndani. Zamani ilielezwa kwamba threonini zenyewe zinaingia kwenye nafasi za barafu na kufunga vifungo vya haidrojeni, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 2011 umbo la protini ya bakteria wa Antaktika, Marinomonas primoryensis, lilionyesha maji yaliyotiwa nanga kwenye uso wa protini yakiwa tayari na mpangilio unaokaribia wa barafu, na maji hayo ndiyo yanayoungana na fuwele. Kwa maneno mengine, protini inajivika kwanza tabaka la maji lililopangika. Mimi naona maelezo haya yana nguvu zaidi, kwa sababu yanaeleza pia kwa nini uso huo una sehemu zisizopenda maji, kitu ambacho vifungo vya haidrojeni pekee havikuweza kukieleza.

Kwa walio maabara: tabia hiyo ya kushika barafu inatumika kusafishia protini zenyewe. Unazamisha kidole cha chuma chenye baridi kwenye mchanganyiko, barafu inakua polepole juu yake, protini za kuzuia barafu zinanaswa ndani na nyingine nyingi zinabaki kwenye majimaji.

Hatua ya 3: Protini za utando, na kwa nini zilichelewa

Protini ya mbawakawa inayeyuka kwenye maji, hivyo ni rahisi kuishika. Protini za utando zinaishi ndani ya mafuta. Ukizitoa humo na kuzitia kwenye maji, sehemu zake za mafuta zinatafutana na zinashikana madonge. Ndiyo maana unazitoa kwa sabuni laini, DDM ikiwa maarufu kuliko zote, na lazima kila kimiminika unachotumia baada ya hapo kibaki na sabuni juu ya kiwango chake cha kuunda misele (vifungu vidogo vya molekuli za sabuni), kama milimola 0.17 kwa lita kwa DDM. Ukisahau sabuni kwenye bafa ya kuoshea, umepoteza wiki nzima. Umbo la kwanza la kina la protini ya utando, kituo cha usanisinuru cha bakteria, lilichapishwa mwaka 1985, na Deisenhofer, Huber na Michel wakapewa Nobel mwaka 1988. Maikroskopu ya elektroni ya baridi ndiyo iliyofungua mlango baadaye, hasa tangu umbo la protini ya utando TRPV1 lilipopatikana kwa 3.4 Å mwaka 2013. Huko nako adui ni fuwele za barafu: sampuli inatumbukizwa ghafla kwenye ethane ya kimiminika ili maji yagande kama kioo, yasipate nafasi ya kujipanga.

Umbo letu ni KcsA, mlango wa potasiamu wa bakteria Streptomyces lividans. Roderick MacKinnon na wenzake walilipata kwanza mwaka 1998 kwa 3.2 Å. Kwa rezolusheni hiyo ioni hazikujitambulisha zenyewe, kwa hiyo walitumia rubidiamu na sesiamu, ambazo zina elektroni nyingi zaidi, ili waone mahali potasiamu inapokaa. Mwaka 2001 walirudi na 2.0 Å, namba 1K4C. Nobel ikafuata mwaka 2003.

Fungua 1K4C. Soma minyororo: A na B ni kingamwili, C ndiyo KcsA. Kingamwili si sehemu ya mlango. Iliongezwa makusudi, kwa sababu protini iliyofunikwa na sabuni haina sehemu za kutosha za kugusana na jirani zake kwenye fuwele, na kingamwili inatoa sehemu hizo. Mtego wa pili ni huu: KcsA hufanya kazi ikiwa vipande vinne, lakini faili lina kipande kimoja tu, kwa kuwa vingine vitatu vinapatikana kwa kuzungusha. Mol* ya RCSB hukuonyesha mkusanyiko kamili. ChimeraX inakuonyesha kipande kimoja hadi uagize

sym #1 assembly 1

Mtu asiyejua hili ataangalia robo ya mlango na kuuliza tundu liko wapi.

Tafuta asidi amino 75 hadi 79: T, V, G, Y, G. Hiki ndicho kichujio. Katikati ya vipande vinne utaona ioni za potasiamu zimepanga foleni. Ioni hizo zimekaa juu ya mhimili wa mzunguko, kwa hiyo kwenye mkusanyiko kamili kila moja inaweza kunakiliwa mara nne mahali palepale. Usiandike kwamba kuna ioni 16.

Bofya ioni moja iliyo ndani ya kichujio. Imezungukwa na oksijeni 8, nne juu na nne chini, ambazo nyingi ni za kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni) za uti wa mgongo. Kwenye nafasi ya chini kabisa, oksijeni nne zinatoka kwenye tawi la threonini ya 75. Pima: utapata umbali unaozunguka 2.8 Å.

Sasa shuka kwenye uwazi mpana ulio chini ya kichujio, katikati ya utando. Kuna potasiamu nyingine pale, nayo imezungukwa na molekuli 8 za maji, nne juu na nne chini. Weka picha hizo mbili sambamba. Kichujio kimetengeneza vazi lilelile la maji kwa kutumia oksijeni za protini, na potasiamu inavua maji na kuvaa kabonili bila kulipa gharama kubwa ya nishati. Sodiamu ni ndogo, nusukipenyo chake ni kama 0.95 Å dhidi ya 1.33 Å ya potasiamu, kwa hiyo oksijeni hizo haziikai sawasawa. Mlango unapendelea potasiamu mara 10,000 au zaidi, na bado unapitisha ioni zinazokaribia milioni 100 kwa sekunde. Nimeona vitabu vikieleza jambo hili kurasa tatu, na mwanafunzi akalielewa siku alipopima mwenyewe.

Ukitaka ushahidi kwamba kichujio si tundu gumu lisilobadilika, fungua 1K4D, mlango uleule kwenye potasiamu kidogo. Linganisha valini ya 76 na glisini ya 77. Utaona kichujio kimejikunja, njia imefungika katikati.

Hatua ya 4: Utando uko wapi?

Faili la PDB karibu kamwe haliuonyeshi. Nenda kwenye hifadhi ya OPM ya Chuo Kikuu cha Michigan, tafuta protini yako, na utapewa umbo likiwa na tabaka mbili za vitone zinazoonyesha mipaka ya sehemu ya mafuta, ambayo kwa kawaida ina unene wa kama 30 Å. Kisha thibitisha kwa macho: triptofani za KcsA, kama ya 87 na ya 113, zinapenda kukaa karibu na mpaka wa mafuta na maji. Kwenye 1K4C utakuta hata mabaki ya mafuta yaliyoganda pamoja na protini, kwenye mfereji kati ya kipande na kipande.

Hatua ya 5: Usiiamini modeli bure

Washa ramani ya elektroni kwenye kitazamio, uangalie kama atomi ulizopima zimekaa ndani ya wingu lake. Tawi lililosimama hewani bila wingu liliwekwa kwa kukisia. Paka pia rangi ya B-faktori, kipimo cha mtikisiko wa kila atomi, uone sehemu zinazotikisika.

Kuhusu AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini kutoka mlolongo wake: ni chombo kizuri, na Hassabis na Jumper walistahili sehemu yao ya Nobel ya mwaka 2024. Lakini modeli zilizo kwenye hifadhi yake hazina maji wala ioni. Vipimo vya maana zaidi vya mwongozo huu usingeweza kuvifanya humo. Itumie pale ambapo hakuna umbo lililopimwa, na sehemu zenye rangi ya chungwa, ambazo yenyewe haina uhakika nazo, usizijadili kabisa.

Zoezi: PfCRT

Fungua 6UKJ. Hii ni protini ya utando wa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, iliyopatikana mwaka 2019 kwa maikroskopu ya elektroni, 3.2 Å. Mabadiliko yake ndiyo yaliyoiua klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001. Hapa pia kuna kingamwili iliyoongezwa, safari hii kwa sababu PfCRT yenyewe ni ndogo mno kwa maikroskopu.

Hesabu heliksi zinazokata utando, utapata 10. Tafuta asidi amino ya 76. Katika kimelea kinachouawa na klorokwini hapo pana lisini, yenye chaji chanya. Katika umbo hili pana threonini, isiyo na chaji. Angalia tawi lake linaelekea wapi: kwenye uwazi wa katikati, au kwenye mafuta? Halafu kumbuka kwamba klorokwini ndani ya tumbo la chakula la kimelea hubeba chaji chanya, uandike kwa sentensi mbili kwa nini kuondoka kwa lisini kunairahisishia dawa kutoka.

Pima upana wa uwazi huo kutoka uti wa mgongo hadi uti wa mgongo, usitumie ncha za matawi, na uandike jibu kwa namba nzima ya angstromu. Kwa 3.2 Å, desimali mbili ni mapambo.